Uzao wa Cyrille Zihindula

Cyrille Zihindula, fundi cherehani kutoka Bukavu, ndiye mtu pekee hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, anayesoma majina ya vizazi katika Biblia bila kuruka hata moja. Huyu akamzaa yule, yule akamzaa huyu, mpaka ibada inakwisha. Sisi tunasinzia, na mimi ni wa kwanza.

"Munalala?" anatugombeza. "Mungu alimuahidi Abrahamu uzao. Haya majina njo kusema hakusahau! Na Yusufu hakumuzaa Yesu, lakini ukoo ya Daudi ilipita kwa nani? Kwa yeye. Mungu anahesabu mwenye alilea."

Alikuwa na lake moyoni. Alikimbia Bukavu na mkewe Ernestine, wavulana wao wawili, na Raïssa, binti mchanga wa mdogo wake Sylvain aliyeuawa. Siku ya kuandikishwa kambini aliulizwa, huyu ni nani? Akajibu, "Mutoto wangu." Hakudanganya. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako, na anayembagua kwa maneno ana roho mbaya. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Miaka kumi na sita ikapita ndipo wakaitwa Lilongwe kuhojiwa kwa safari ya kuhamia ng'ambo. Karani akauliza nani alimzaa Raïssa. Cyrille angesema "mimi" yakaisha. Lakini kumfuta Sylvain aliona ni kumuua mara ya pili, akalitaja jina lake. Karani akafunua karatasi za zamani: mbona hapa ni mtoto wako? Na Cyrille, Mungu amsamehe, akaanza kumhubiria habari za Yusufu! Ningekuwepo ningemziba mdomo.

Wakaambiwa warudi wiki ijayo, binti ahojiwe peke yake. Kama hamtegemei Cyrille, atatolewa kwenye faili na wale wanne wataendelea. Kama anamtegemea, faili lote litachunguzwa upya, na uchunguzi huo watu wanazeeka wakiungoja. Cyrille akaapa hatamwacha Raïssa. Ernestine hakula wiki nzima. Raïssa akapika nsima, ule ugali wa huku, akafua.

Siku ya mahojiano ya binti nilikuwa Area 25, mtaa wa Lilongwe, kununua vitambaa, tukakutana kituoni wakirudi. Ernestine alinivuta pembeni akanieleza. Binti aliulizwa Cyrille ni nani kwake, akajibu, "Ni papa mukubwa tu. Sikulala kwake, sikukula kwake."

Uongo mtupu! Mwanamume yule alimbeba mgongoni kutoka Kivu, alimshonea kila gauni alilovaa. Niliona uchungu. Wale wanne wamekubaliwa. Raïssa anabaki.

Cyrille alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso chini. Raïssa akamsogelea.

"Papa, umenikasirikia?"

Akainuka, akamshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. "Hapana, mama. Aksanti. Umeokoa batoto bangu."

Mwenyewe hakusikia alichosema. Raïssa alisikia. Aliiondoa ile mikono kichwani mwake taratibu, akanigeukia, akaniuliza kama kwangu kuna nafasi ya kulala.