Siku Kukhu Alipotoka Mkutanoni

Nikisikia harufu ya saruji mbichi ikiwa imechanganyika na ya mavi ya ng'ombe, nakuwa na miaka tisa tena. Usinicheke. Wengine wanakumbuka mafuta ya nywele ya mama zao. Mimi nimejaliwa hiyo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya kwetu, pembeni mwa Kitale, mahali ambapo mji ulikuwa unatoka mtaa wa Tuwan ukija polepole, kama mgeni anayesema anapita tu na huku macho yako kwa sufuria. Upande mmoja wa nyumba yetu kulikuwa na mahindi. Upande wa pili kulikuwa na esteti mpya, nyumba zimefanana hivi kwamba mlevi alihitaji maombi ili apate mlango wake.

Katikati ya hayo mawili ndipo palipokuwa na shamba la Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Alilinunua na marehemu babu kabla hata stima haijafika. Baba naye, kodi ya Tuwan ilipomchosha, akanunua ploti ya karibu. Wanaume wenye akili huoa mbali ili wapumzike. Baba yangu alioa, kisha akahamia jirani ya mama mkwe.

Na kwetu Wabukusu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja lazima apishe. Baba alikuwa mtu wa kilo zake, lakini akiona kitambaa cha kichwa cha Kukhu kinakuja aliingia kwenye mahindi kama sungura. Kukhu naye alisimama, akageuka kuangalia Mlima Elgon kana kwamba umejengwa jana, mpaka mahindi yaache kutikisika. Mambo yao yote yalipitia kwangu.

"Mwambie Kukhu ng'ombe wake ameingia kwetu."

"Mwambie baba yako ng'ombe ana macho, ameona nyasi."

Mimi ndiye niliyekuwa mtandao wao, na nikwambie, sikuwahi kupotea hewani hata siku moja.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara. Kakangu Wekesa alikuwa ameshaanza kugonga chinyimba, zile kengele za chuma za kuwaalikia jamaa, na alizigonga mpaka kuku wetu wakapunguza mayai. Sasa, kwa wale wasiojua: alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni, akavuliwa nguo, akapakwa tope kuanzia kichwani, halafu anarudishwa nyumbani kwa nyimbo akasimame uani mbele ya kisu. Na kuna sharti moja ambalo hata mtoto wa chekechea alilijua. Njia uliyoendea mtoni siyo unayorudia. Ukirudi kwa ile ile, wazee wetu walisema, utakutana na utoto wako njiani na utakufuata nyumbani.

Tulikuwa na njia mbili basi. Moja ilipita mbele ya kanisa. Nyingine ilipita nyuma ya esteti, ikigusa maharagwe ya Kukhu. Kila mtu alidhani zitakuwepo mpaka Yesu arudi, hadi kaunti ilipoleta mpango wa kupanga eneo letu: barabara hapa, mtaro wa maji pale, shule, ploti. Kwenye ramani, njia ya kwenda mtoni ilikuwa moja tu, nene na nzuri. Ile ya pili ilikuwa imefutwa, na mahali pake pamechorwa ukuta wa esteti. Aliyechora aliona njia mbili zinaenda kwa tope moja, akadhani moja ni ya mkato, akaamua kutusaidia.

Nyumbani Wekesa aliacha kula. Kijana ambaye alikuwa anamaliza ugali na kuuliza kama kuna ndugu yake! Ukuta ungeanza kujengwa mara tu mpango ukipita, na mpango ungepita kwenye mkutano wa Jumamosi kama hakuna mwenye pingamizi. Wazee wakakaa, wakamchagua Baba awe msemaji. Kijana alikuwa wake, halafu Baba alijua kile Kiswahili cha ofisini, cha "kwa mujibu wa."

Mkutano ulifanyika uwanja wa kanisa. Ramani iliwekwa juu ya meza, pembe zake zimebanwa kwa vikapu vya sadaka. Spika za kwaya zilikuwa zimefungwa juu ya paa, na fundi alikuwa amezifungulia kiasi kwamba hata walioko mbali kule Saboti wangepata ujumbe wakisimama vizuri. Afisa wa mipango alikuwa msichana mpole, tulimwita Madam, viatu vyake vimejaa matope na hajali. Wamama wazee walipewa viti vya mbele. Kukhu, kwa kuwa ana shamba, alikaa katikati kabisa, na mimi miguuni pake.

Baba alifika amechelewa. Nilimwona akitokea kwenye kona na karatasi yake mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaona kile kitambaa cha Kukhu. Akasimama. Halafu, wewe, mwanaume mzima alirudi kinyumenyume akajibanza nyuma ya tangi la maji.

Ungetaka afanye nini? Angeshika maikrofoni aanze kueleza habari za vijana wasio na nguo mbele ya mama mkwe, hatua tano kutoka puani pake? Afadhali ukuta.

"Kuna mwenye pingamizi kuhusu hii barabara ya mtoni?" Madam akauliza.

Wazee walitazama tangi. Tangi halikusema kitu. Na mwingine hangeweza kumnyang'anya neno aliyepewa. Mwishowe Mzee Situma, ambaye moyo wake ni mzuri kuliko ulimi, akainuka.

"Madam, hii balabala ni sawa. Lakini ile ingine pia... ile ni ya maana."

"Ya maana gani, mzee?"

Mzee Situma akatazama safu ya wamama. Akakohoa. "Ya maana sana."

"Mzee, nataka kuwasaidia, kweli. Lakini 'ya maana sana' siwezi kuichora. Nipeni sababu."

Baba Tiffany, mwenyekiti wa esteti, akapokea maikrofoni. Alikuwa mtu wa ofisi, mcheshi, hakuwa na ubaya. "Wazee wangu, kwa heshima. Tope ni moja. Njia mbili za nini? Kwani tope lina mlango wa kuingilia na wa kutokea?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa kali, bana. Lakini niliona Wekesa ameegemea ukuta wa kanisa, kichwa chini, nikajikuta nimeacha kucheka.

Hapo ndipo Kukhu alipoinuka. Alikung'uta leso yake kama mtu anayefukuza kuku, akasema kwa sauti, "Nyinyi pangeni mpaka njaa ipangwe. Mimi naenda kupika." Akatoka katikati ya mkutano, hakuaga hata pasta. Njia fupi ya kwake ilikuwa kupita kando ya tangi, lakini aliendea upande wa pili, akazunguka kanisa lote na magoti yake yale mabovu.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilijua tu amekasirishwa na kile kicheko, ametususia, na Wekesa kwisha habari yake.

Kumbe nyuma yake tangi lilikuwa limezaa msemaji. Baba alifika mbele, akaiweka karatasi mfukoni, akashika maikrofoni. Hakutumia "kwa mujibu wa" hata moja. "Madam, ile si njia ya mkato," alisema. "Ile ni njia ya kurudi." Akaeleza yote, tope, alfajiri, alivyopitishwa yeye na baba yake kule Bungoma, na jinsi mwezi ujao mwanawe ataenda mtoni mtoto na hatakuwa na pa kurudia akiwa mwanaume.

"Si mngesema mapema, jamani!" Baba Tiffany akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Madam akainama juu ya ramani. Pale nyuma ya esteti palikuwa pameshauzwa, alisema, lakini njia ingeweza kusogezwa mita chache, ipite kwenye maharagwe, kama mwenye shamba atakubali. Mwenye shamba yuko wapi?

"Amesusa, anapika," mtu akajibu, wakacheka tena.

Baba akanitafuta kwa macho. Nilikimbia. Nilimkuta Kukhu amekaa kizingitini, mikono mapajani, mdomo umelegea kidogo kama mtu aliye kanisani. Jiko lilikuwa baridi. Nikamweleza nikihema.

"Mwambie wakate," alisema. "Wapime vizuri tu, wasiniguse ndizi."

Mwezi uliofuata Wekesa alirudi kwa njia hiyo, tope limeanza kukauka, uso kama jiwe, ukoo mzima nyuma yake. Baba Tiffany alikuwa amesimama getini na mbwa wake amemshika mdomo asibweke.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwalimu wetu anapenda kutuambia kwamba mwananchi mwema huhudhuria na kutoa maoni. Naandika hivyo kwenye mtihani kwa sababu nataka alama. Lakini likizo iliyopita, tukichambua maharagwe, nilimuuliza Kukhu kama siku ile alikuwa amekasirika kweli.

"Nimkasirikie nani?" Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Niliona viatu chini ya tangi. Nikajua nikikaa, mtoto atakosa njia." Akapepeta kidogo, kisha akasema, "Halafu zile spika zilikuwa na nguvu. Miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia baba yako akiongea zaidi ya salamu. Hata moto sikuwasha, nilikuwa nasikiliza. Ana sauti nzuri, huyo mwanaume. Mamako alichagua vizuri."