Supu ya Mifupa na Soksi za Mwezi wa Saba

Kuna watu hapa Doha ambao mpaka leo wakikutana nami wananitazama miguuni kabla ya kunisalimia, na sina haki ya kuwalaumu, kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kuliko muendelee kuipata kwa Otieno, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja, ambaye kila mwaka anaongeza kitu.

Wakati ule nilikuwa mtunza stoo kwenye mradi mmoja kule Lusail, mji ukiwa bado ni mchanga na winchi, na chumba changu kilikuwa kambini Sanaiya, eneo la viwanda, tunalala sita. Shule niliishia darasa la saba, lakini nasoma, na nikishika jambo nalisoma kwa utaratibu, naandika kwenye daftari, napiga mistari kwa rula (ndiyo maana wenzangu wakaniita Profesa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kulizoea jina). Mwaka huo jambo lenyewe lilikuwa supu ya mifupa. Magoti yalinisumbua, nikasoma kwenye simu kwamba mifupa ikichemka saa nyingi hutoa ule utelezi unaojenga viungo, basi kila juma nikawa napitia kwa muuza nyama, ananipa makongoro na mifupa ya magoti, natia siki vijiko viwili, nachemsha mpaka supu ikipoa inaganda na kutikisika kijikoni, maana walisema hiyo ndiyo dalili ya supu nzuri. Nilikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa majuma sita. Daftarini ukurasa wa kulia niliuandika FAIDA, ukajaa hadi pembeni. Wa kushoto niliuandika MADHARA, nikaupigia mstari, nikauacha mtupu, si kwa sababu nilitafuta nikakosa, ila sikutafuta.

Sasa, kulikuwa na Kibwana, dereva wa familia moja, mtu wa Tanga, mpole. Hospitali walimwambia figo zake zimeanza kuchoka, apunguze chumvi na nyama, arudi kupimwa baada ya majuma mawili. Mwajiri wake alishamwambia kwamba majibu yakiwa mabaya atamrudisha nyumbani, na nyumbani Kibwana ana watoto watatu wanaosoma kwa mshahara huo. Akanijia: "Profesa, hiyo supu yako itanifaa na figo zangu hizi?"

Nikamjibu hata daftari sijafungua: "Hiyo ndiyo dawa yenyewe, kaka. Ni maji na mifupa tu. Njoo Ijumaa kwa Bi Mwanaisha, utaanza hapo."

Bi Mwanaisha ni mama wa Unguja anayekaa Al Sadd, na sebuleni kwake ndipo tulipokuwa tukikusanyika Ijumaa baada ya sala, Watanzania na Wakenya, Waislamu na Wakristo, kila mtu na chakula chake. Ijumaa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nizungumze juu ya supu.

Siku tatu kabla, niliamka kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, chekundu, hata shuka ikikigusa natamani kulia. Nikawaambia wenzangu nimepiga mguu wa kitanda. (Sikupiga kitanda chochote, na nilijua.) Lakini nitakwendaje kuwasifia watu supu ya viungo huku nachechemea? Na kwa Bi Mwanaisha viatu vinaachwa mlangoni. Basi nikafanya uamuzi mdogo tu: nikavaa soksi za sufu, mbili juu ya mguu wa kulia, na mbili juu ya wa kushoto ili miguu ifanane. Mwezi wa saba, Doha.

"Selemani, soksi za nini na joto hili?" Bi Mwanaisha akaniuliza mlangoni.

"Kiyoyozi, bibi. Kinanichoma miguu."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Nikakaa zuliani, mguu nimeunyoosha, watu kama ishirini wamenizunguka, Kibwana yuko karibu nami na kikombe chake kimejaa, anasubiri kipoe. Nikafungua daftari, nikasoma faida moja baada ya nyingine, nikafika penye viungo, nikasema, "Mtu anayekunywa supu hii, viungo vyake..." na hapo Otieno akatoka jikoni na chupa kubwa ya chai, ile ya lita tano, nayo imejaa supu, akatafuta pa kuiweka, akaiweka juu ya kidole changu.

Sauti iliyonitoka sijawahi kuitoa tena. Mguu uliruka wenyewe, chupa ikapinduka, kifuniko kikaenda upande wake, na supu ya makongoro ikatanda juu ya zulia jipya la Bi Mwanaisha.

"Viungo imara kweli, Profesa!" akasema Otieno, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi ya unesi katika zahanati moja, akaja kuniangalia. Akavuta soksi ya kwanza. Akaikuta ya pili. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Alipoivua ya pili wakasogea kutazama kidole.

"Hii umegonga wapi?"

"Kitanda."

"Kitanda gani? Hii ni jongo, baba. Ni asidi imejaa kwa kiungo. Umekuwa ukinywa nini?"

Wote wakatazama zulia.

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu. Kwa siku."

"Na chumvi?"

"Kiasi."

"Kiasi!" Otieno akadakia. "Huyu hutia ngumi nzima!"

Wanjiru hakucheka. Akasema supu si sumu, mwenye afya akinywa kikombe kimoja mara moja moja hakuna neno, ila mwenye jongo inamchochea, na mwenye presha au figo asiiguse kabla hajamuuliza daktari wake.

Ndipo Kibwana aliponiuliza, polepole, kikombe bado kimejaa mkononi: "Na mimi je, Profesa?"



"Usinywe," nikasema.

"Uliniambia ni dawa."

"Nilisema jambo nisilolijua." Nikamwonyesha ukurasa wa kushoto. Akasoma neno MADHARA, akatazama mistari mitupu iliyonyooka chini yake, akalifunga daftari na kunirudishia.

"Mwandiko mzuri, lakini," akasema.

Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Kiyoyozi kilishaigandisha supu zuliani, nikawa nimepiga magoti naichota kwa kijiko pamoja na Bi Mwanaisha. "Hii ndiyo ile dalili ya supu nzuri?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Basi hongera," akasema, akanipa ndoo.

Daktari alinipa dawa, akaniamuru maji mengi, akaniambia mengine niliyodhani nayajua (hata ile kalsiamu, chokaa ya mifupa, kumbe inayoingia kwenye supu ni kidogo sana). Kibwana alipimwa, figo hazikuwa zimezidi kuharibika, akabaki na kazi yake. Huenda kikombe kimoja kisingemfanya kitu. Lakini mimi nilikuwa nimemwandalia ratiba, nimeipiga mistari kwa rula: vikombe vitatu kwa siku, majuma mawili, hadi asubuhi ya kipimo.

Supu bado napika, naionja kidogo tu. Ila mtu mwenye maradhi akiniuliza kama itamfaa, namwambia sijui, kamuulize daktari wako, na hapo hapo nanyamaza. Soksi nyumbani kwa watu sivai tena.