Mbuzi na Vumbi la Chuma

Binamu yangu alianza kwa ufagio. Sote wawili tuliuza vyuma chakavu Garissa, ua wake ukipakana na wangu, lakini mimi nilitaka chuma kinachoshikika: injini, rimu, mabati. Yeye alizunguka kwa mafundi wa kuchomelea milango, akifagia unga mweusi uliobaki chini ya mashine zao. Nilimwita mfagiaji mbele ya watu, nao wakacheka.

Alinieleza bila kinyongo kwamba unga ule ukitiwa tanurini hivihivi hupeperuka na moshi. Lakini ukichanganywa na molasi, ile shira nyeusi ya miwa, na chokaa ili ushikamane, ukashindiliwa kuwa vibonge vya ukubwa wa ngumi na kuachwa vikauke, huyeyuka na kuwa chuma tena. Kiwanda kimoja cha Nairobi kilikubali kutuma mtu aje kuvipima. Vikivunjika, hawatarudi.

Wivu ulinila. Kwenye vikao vya ukoo walianza kumuuliza yeye kwanza. Hata mke wangu alimsifu, huku akinimiminia chai.

Siku moja kabla ya mtu wa kiwanda kuja, binamu alikwenda Bura kuzika, akaniachia ua wake nimwangalizie. Vibonge vilikuwa vimetandazwa kivulini, bado vibichi, vikinukia utamu. Nimekulia nyuma ya mbuzi. Najua molasi inavyowaita. Baada ya sala ya alasiri nilifungua komeo la lango lake, nikaenda zangu kwangu. Sikumswaga mbuzi hata mmoja ndani. Kwa miaka nilijitetea kwa hilo.

Aliporudi, mbuzi walikuwa bado wanalamba, midomo myeusi, na nusu yao walikuwa wangu. Nikasema labda wamelisukuma lango wenyewe. Hakugomba. Aliokota kibonge, kikamvunjikia kiganjani.

"Walaal," alisema, neno ambalo kwetu hutumika kumwita ndugu wa tumbo moja, "mbuzi hafungui komeo."

Mtu wa kiwanda alipokuja alidondosha vibonge vitatu, vikamwagika kama unga, akapanda gari lake. Binamu akaacha ufagio, akawa anauza rimu kama mimi. Basi tukawa sawa, kama nilivyotaka, na sijaona faida yake.

Juzi nilimkuta kwa mafundi anafagia tena, mgongo umepinda. Nilichukua ufagio wa pili. Hakunizuia. Nilimbebea gunia hadi kwake. Alilipokea langoni, akanishukuru kwa adabu, akaingia. Kisha nikasikia komeo likifungwa.