Wapiga Mishale Sita kwa Wifi

Wenzake mchezoni walimwita Ghala, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Kila Jumamosi alasiri alisimamisha kazi, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akacheza mchezo wa vita pamoja na kaka yake na mke wa kaka yake, waliohamia mji wa mbali. Walikuwa watatu dhidi ya watatu wasiowajua. Kila mchezaji alijenga mji wake: mashamba, machimbo, ukuta, askari. Huku wakicheza, waliongea kwa simu hizohizo.

Fundi alipenda kulima. Akivuna, anapanua shamba. Akipata dhahabu, anachimba mgodi mwingine. Askari aliwaona hasara tupu. "Nikishatajirika nitawasaidia wote," alikuwa akisema.

Jumamosi moja mji wa wifi yake ulizingirwa. Akaomba wapiga mishale.

"Subiri kidogo, wifi, namalizia mgodi."

Mgodi ulipokamilika, mji wa wifi ulikuwa majivu. Adui wakamgeukia kaka, kisha fundi mwenyewe.

"Tumekwisha wote, na ghala lako limejaa pomoni," wifi akasema. "Bora ungeniambia hutaki, nikajua moja." Akakata simu.

Maneno yale yalimsumbua fundi wiki nzima. Mguu mmoja wa suruali ya mteja aliukata ukawa mfupi kuliko wa pili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Jumamosi iliyofuata akataka kujirekebisha, akapitiliza: kila alichovuna alimtumia wifi, mpaka wakulima wake wakalala njaa na ukuta wake ukabaki bila mlinzi. Adui wakaingia kwake kama wanaingia sokoni. Wakashindwa tena.

Jumanne fundi akajikaza, akampigia.

"Wifi, nisamehe. Nilikuacha uteketee, halafu nikaja kukumwagia mali bila kukuuliza. Hebu niambie, ukishambuliwa unataka nini hasa?"

Wifi akasema, "Sitaki mali yako yote. Nataka uwahi. Wapiga mishale sita kabla ukuta haujatoboka wananitosha. Ukishaanguka, hata uniletee jeshi zima, la nini?"

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Halafu uendelee kulima, maana mimi na jembe hatupatani."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi ilipofika, fundi alichimba migodi miwili, akaandaa wapiga mishale sita. Adui walipojitokeza mbele ya mji wa wifi, dhahabu ya mgodi wa tatu ilikuwa imetimia. Kidole kikasita. Akauacha mgodi, akatuma wapiga mishale.

Ukuta ukatikisika, ukasimama. Adui wakang'ang'ania palepale, wakapoteza muda, naye fundi akarudi kwenye mgodi wake, akawa analisha jeshi la kaka. Kaka akazunguka kwa nyuma, akawamaliza.

"Wifi! Uko hai?" fundi akapaza sauti.

"Niko hai, wifi yangu! Ukuta una matundu kama chujio, lakini niko hai!"

Fundi akashusha pumzi ndefu. Hapo ndipo alipojikuta amesimama katikati ya duka, mkanda wa kupimia shingoni, na mteja mlangoni amemkodolea macho.

"Kuna nini, fundi?"

"Karibu, mama, karibu ndani," akasema, akicheka na kufuta macho. "Ni wifi yangu. Amepona."

"Ah, tushukuru," mteja akasema, akaketi.