Mlango wa Kuazima

Waraka ulifika kituoni Jumatatu asubuhi, karatasi mbili zilizobanwa pini, mhuri wa Wizara umekaa upande. Uliagiza hivi: ili kutekeleza ahadi za Serikali kuhusu usawa wa kijinsia na haki za wanawake, kila kituo cha polisi kiwe na Dawati la Jinsia kabla robo ya mwaka haijaisha. Mkuu wa kituo akausoma mara moja, akaukunja, akamwita seremala.

"Nataka dawati," akamwambia. "La jinsia."

Seremala akajikuna kichwa kwa penseli. Madawati alikwisha kutengeneza mengi, ya shule, ya ofisi, hata la kliniki ya mifugo, lakini la namna hiyo lilikuwa geni kwake. "Mkuu, la jinsia likoje? Lina droo ngapi?"

"Weka mbili. Moja ya wanawake, moja ya wanaume. Usawa si ndio huo?"

Chekeni sasa hivi, maana huko mbele sina cha kuwachekesha. Dawati lilikuja, mbao zikinukia vanishi, mguu mmoja mfupi, ikabidi lichomekewe kipande cha boksi lisiyumbe. Likawekwa kwenye ukumbi mwembamba uliotoka kaunta kwenda mlango wa mahabusu, likitazamana uso kwa uso na benchi refu wanapokaa watu kusubiri zamu. Kisha likatafutiwa mtu wa kukaa nyuma yake. Wakamchukua koplo mmoja wa kike aliyekuwa amemaliza miaka kumi na tisa kazini, kumi na minne kati ya hiyo akiwa kaunta. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita cheo chake. Askari wenzake walimbandika jina, Mama Dawati, na jina likaganda.

Yeye hakuchukia. Mwanamke mnene, mchangamfu, wa kucheka mpaka mabega yanatikisika, na utani wa kituoni aliuweza kuliko hao wanaume. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alipomwuliza kazi mpya ikoje alimjibu, "Nimepandishwa cheo, baba. Zamani nilikuwa nasimama, sasa nimekaa." Lakini moyoni alilitaka lile dawati. Alilitaka kwa sababu ambayo hata kwa huyo mumewe aliitaja mara moja tu, wakiwa wachumba.

Alipokuwa binti wa miaka kumi, dada yake mkubwa alimshika mkono wakaenda kituo cha polisi. Dada ana jicho limevimba. Pale kaunta askari akauliza kwa sauti ya kuita abiria, "Haya, mama, shida nini? Sema, tusikie!" Watu wote wakageuka. Dada akatazama chini, akasema amepotelewa na kitambulisho. Wakarudi nyumbani. Dada yupo kwenye ndoa hiyohiyo mpaka leo, mzee, kimya, jino la mbele hana. Basi yule binti akakua na wazo moja kichwani: siku hiyo kilichokosekana ni mlango tu. Chumba kidogo, viti viwili, na mlango wa kufunga.

Kwa hiyo aliuomba. Aliandika barua ya kwanza kwa adabu zote, ya pili, mpaka ya tano. Kila moja ilijibiwa kwa sentensi ileile, kwamba ombi lake linafanyiwa kazi. Kazi gani, na nani, wapi? Mungu anajua.

Halafu kulikuwa na ile fomu. Kila mwanamke aliyehojiwa alijaziwa fomu ya Wizara, na swali la tisa liliuliza: Je, mlalamikaji alihojiwa mahali pa faragha? Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Robo ya kwanza Mama Dawati alitia alama kwenye Hapana, fomu zote. Mkuu akamwita. Si mtu mbaya, Mkuu. Mtu wa mzaha, mvivu, anayependa mambo yaende bila kelele.

"Koplo, mbona unatuchafulia kituo? Unapoongea nao, unapiga kelele?"

"Hapana, Mkuu. Tunanong'ona."

"Basi! Kunong'ona ndiyo faragha. Nenda karekebishe."

Akaenda akarekebisha. Na robo iliyofuata hakungoja kuambiwa. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye Ndiyo. Simtetei. Alijua anachokifanya, na kila alipotia alama ile alikunja uso kidogo kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye chakula, kisha akaendelea.

Ndipo akaja fundi cherehani. Mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni kwa haraka aliyotoka nayo. Alikaa mbele ya dawati, akalitazama benchi. Watu saba, wote wametega masikio, maana mle ukumbini burudani nyingine hakuna.

"Nimeibiwa pasi," akasema.

Mama Dawati akaandika pasi. Wiki iliyofuata akarudi. Pasi tena. Jua linachoma, mabati yanalia juu, na yeye kajifunga skafu shingoni mpaka kidevuni. Mama Dawati akaweka kalamu chini. Aliwahi kuisikia ile pasi, zamani, ikiitwa kitambulisho.

"Mdogo wangu," akamnong'oneza, "hiyo pasi yako ina mikono miwili, siyo?"

 Machozi yakamjaa fundi, akayameza.

"Njoo Alhamisi saa nne. Alhamisi tunafunguliwa chumba. Kina mlango. Tutafunga, tutakaa mimi na wewe."

Hakumdanganya. Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kuzindua Dawati, na kituo kilikuwa mbioni. Chumba cha vielelezo, kilichofungwa kwa geti la nondo tu, kilitolewa baiskeli za wizi, televisheni zilizopasuka na magunia ya bangi, kikapakwa rangi ya maziwa, kikawekwa viti viwili vyenye mito. Na mlango. Jumatano jioni Mama Dawati aliingia peke yake, akaufunga, akasimama ndani. Sauti za kaunta zikawa mbali. Alitaka kulia, akajicheka, akatoka. Alipokwenda chooni ndipo akakuta choo cha askari wa kike kimetundikwa gunia mlangoni, bawaba ziko tupu.

"Loo! Kumbe ni wetu," akasema, akashikilia gunia kwa mkono mmoja. Akaona si kitu. Wacha tujisaidie na gunia, mlango umepata kazi kubwa zaidi.

Alhamisi uwanja ulijaa maturubai na viti vya kukodi. Saa nne kamili fundi akafika. Kavaa gauni lake zuri alilolishona mwenyewe, kajipaka poda juu ya alama za shavuni. Kabla Mama Dawati hajamfikia, Mkuu alikwisha kumwona, maana wanawake wa kukaa mbele walikuwa wachache na kamera za televisheni zimeshafika. Akamkabidhi fulana, akamwonyesha kiti cha safu ya kwanza. Fulana iliandikwa kifuani: Haki Yake, Wajibu Wetu.

"Mkuu, yule hakuja kwenye sherehe," Mama Dawati akamvuta pembeni. "Ana shida nzito. Nipe chumba dakika ishirini tu."

"Leo? Koplo, una akili kweli? Utepe haujakatwa! Mwambie aje kesho. Leo ni siku yao, wasije wakatuharibia."

Akaenda akachuchumaa karibu na kiti cha fundi, akamweleza.

"Kesho mume wangu hatoki nyumbani," fundi akasema. "Leo ndiyo nimepata mwanya, dada. Nitasubiri."

Akasubiri. Akapiga makofi penye kupigwa makofi. Waziri akasema Serikali imejizatiti, akasema ahadi zilizotiwa saini mbele ya mataifa si za kwenye makaratasi tu, akasema haachwi nyuma hata mwanamke mmoja. Akakata utepe, akaingia chumbani, akaketi kwenye mto. Mpiga picha akamwomba afunge mlango na kuufungua tena, picha ya kwanza ilikuwa na kiza. Akaufungua tena, anatabasamu.

Saa nane misafara ikaondoka. Mama Dawati akamshika fundi mkono, wakaenda. Walikuta askari wawili wamepiga magoti, wanafungua skrubu.

"Nyinyi! Mnafanya nini?"

"Mkuu kasema mlango urudi chooni, Mama Dawati. Na vielelezo viingie ndani, wingu hilo unaliona."

Alikwenda kwa Mkuu nusura akimbie. Alimkuta kavua koti, amejinyoosha, uso umejaa raha ya mtu aliyemaliza mtihani.

"Mkuu, tafadhali. Saa moja tu, kisha wang'oe."

"Koplo, picha zimeshapigwa," Mkuu akasema, kwa upole kabisa. "Unataka mlango wa nini tena?"

 Hasira ilimpanda Mama Dawati mpaka masikio yakawaka, na yeye na miaka yake kumi na tisa akapiga saluti, akageuka. Hiyo saluti hajaisahau.

Wakarudi kwenye dawati. Benchini walikuwa wamebaki watu watatu tu. Bibi aliyesinzia, muuza mitumba mmoja, na mwanamume wa makamo mwenye ovaroli la gereji aliyekuja kuripoti leseni iliyopotea.

"Tuache mpaka siku nyingine?" Mama Dawati akauliza.

"Siku nyingine ipi, dada?"

Basi akasema, kwa mnong'ono. Alisema yote, ya skafu na ya mlango wa nyumbani unaofungwa kwa kufuli kutoka nje, na ya mkasi wake wa kushonea aliowekewa shingoni. Mvua ilikuwa haijaanza na ukumbi ulikuwa kimya, kimya kabisa. Yule wa ovaroli aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu mno. Mama Dawati alimwona, akashusha sauti zaidi, akaendelea kuandika. Angefanya nini?

Alipofika swali la tisa mkono ulikwenda ulikozoea. Akageuza fomu ili mwenzake asome na kusaini. Fundi alikuwa msomaji mzuri, alipita mstari kwa mstari, akasimamisha kidole.

"Hapa pameandikwa faragha, ndiyo. Faragha maana yake nini, dada?"

"Maana yake... kwamba hakuna mwingine aliyesikia."

Fundi akaligeukia benchi. Akalitazama. Kisha akachukua kalamu, akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wa duara, na mstari mdogo chini yao.

Mama Dawati akaomba gari wakamkamate mume jioni ileile. Gari la kituo lilikuwa linarudisha viti vya kukodi. Kesho yake lilikuwa linarudisha maturubai.

Mwenye ovaroli na mume wa fundi walifanya kazi gereji moja. Habari zilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Ijumaa kutwa fundi hakuonekana nje.

Jumamosi asubuhi fundi akaja tena, kwa miguu yake, jirani yake anamshikilia. Taya limevimba, jicho moja limeziba. Mkono wa kulia, ule wa mkasi, ulikuwa umevunjika na umefungwa kwa kitu cha kwanza kilichopatikana, fulana ile, Haki Yake ikiwa imezunguka kiwiko. Mume kashatoroka. Jirani alitaka wapite hospitali kwanza. Hospitali wakadai karatasi ya polisi.

Benchi lilijaa tele. Mama Dawati aliruka kutoka kitini, kipande cha boksi kikatoka, dawati likayumba. "Njoo, mdogo wangu. Twende nyuma, tutakaa hata ndani ya gari, twende..."

"Kaa tu, dada," fundi akasema. Alisema kwa sauti, kadiri taya lilivyomruhusu. "Leo sina cha kunong'ona. Si wote wanaona?"

Wote walikuwa wanaona. Mama Dawati akakaa. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, aibu ya kutamani sakafu ipasuke, na hakuwa na wa kumtupia maana alama ya Ndiyo kwenye ile fomu ya Alhamisi ilikuwa yake. Akatoa fomu mpya. Akaandika haraka, maneno machache. Kwenye swali la tisa akatia alama Hapana, akakandamiza mpaka kalamu ikatoboa.

"Ile ya Alhamisi je?" fundi akauliza.

"Imeshaondoka. Imepelekwa Wizarani pamoja na picha. Nisamehe."

 Fundi aliangalia mahali pa kusaini, akaangalia mkono wake. Mama Dawati akafungua droo, ile ya wanawake, akatoa kidau cha wino, akamshika kidole gumba cha kushoto taratibu, akakibonyeza kwenye karatasi.

Mkuu alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akachungulia begani kwa Koplo, kama kawaida yake.

"Koplo, namba tisa hapo umekosea."

"Leo sikukosea, Mkuu," Mama Dawati akasema, bila kuinuka wala kupiga saluti. "Nilikosea Alhamisi."