Mifuko Saba ya Udongo

Nilirudi ufukweni nikakuta mama mmoja amelikunja tanga la mtumbwi wetu, amelikalia.

Anasuka mkeka. Hana hata wasiwasi.

"Shikamoo mama. Tunaomba tanga, tunaondoka."

"Marahaba. Ondokeni," akajibu bila kunyanyuka.

Maduhu, mwenye mtumbwi, aliyenivusha asubuhi ile kutoka Nkome, akaninong'oneza: "Msomi, hapa siyo salama."

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Nilimaliza shahada ya kilimo, nikakaa nyumbani Kolandoto miaka miwili bila kazi. Ndipo bosi mmoja wa Geita mjini, anaitwa Adam, akanipa kazi yangu ya kwanza: nichukue udongo kisiwani ukapimwe, ili wanakijiji waanzishiwe bustani za mboga. Akanipa ramani yenye alama saba. Akasisitiza niende kwa tanga, siyo boti ya injini.

"Kelele zinasumbua watu," alisema.

Nikampenda kwa upole ule.

Kisiwani, nikisalimia, kimya. Nikichimba, wanawake watatu wananifuata hatua kwa hatua. Nikawaza, hawa wanaficha nini? Magendo? Mtu?

Na sasa tanga limekaliwa.

"Mimi naitwa Mama Philomena," yule mama akasema. "Huo udongo wa nini?"

"Wa bustani, mama. Nimekuja kuwasaidia."

Wale wanawake watatu wakaangua kicheko.

"Umechimba chini ya mwamba, baba! Huo mchicha unapikwa, au unapondwa kwa nyundo?"

Mama Philomena akachukua mfuko mmoja, akaumwaga kwenye karai, akachota maji ya ziwa. Akaanza kuzungusha, taratibu, matope yakimwagika pembeni kidogo kidogo.

Kikabaki kimstari cheusi. Ndani yake, chembe mbili za njano.

Dhahabu.

"Nimeosha mchanga machimboni Nyarugusu miaka kumi na mmoja," akasema. "Kijijini kwetu kule bara, alianza kuja kijana mwenye mifuko na ramani. Mpole kama wewe. Mwaka haukuisha, tukaambiwa tupishe. Ndiyo tukahamia huku. Mpigie bosi wako. Weka sauti tusikie wote."

Nilipiga huku nikiomba kimoyomoyo Adam anitetee.

"Bosi, wanakijiji wanauliza kuhusu bustani..."

"Wameiona ramani?" akafoka. "Bustani gani! Lete huo mzigo haraka. Wakishtuka tumekwisha!"

Nikakata simu.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Siku nzima nilikuwa nawashuku wao. Kumbe wa kushukiwa ni mimi.

Nikarudisha udongo uliobaki, shimo kwa shimo, Mama Philomena akinisimamia. Lile la chini ya mwamba alinifanya nilishindilie mara mbili. Ramani niliichoma kwenye jiko lake la kubanikia samaki. Kazi ikaishia hapo.

"Atamtuma mwingine," nilimwambia.

"Tunajua. Ndiyo maana hatusalimii haraka."

Juzi nimesikia Adam kampata kijana mwingine, naye ana shahada, naye alisota sana mtaani. Kama ni wewe unayesoma hapa, mdogo wangu, nakuelewa, kazi ni ngumu kupata. Lakini watu wakikutazama kwa mashaka, usikimbilie kuwashuku. Jiulize kwanza nani kakutuma, na wao watalala wapi ukishampelekea alichotaka.