Mama Upepo na gari dogo la wifi yake

Saa moja asubuhi, lami bado ina ubaridi wa usiku, na Mama Upepo amepiga goti kando ya gari dogo la bluu mbele ya karakana yake ya matairi. Anabana kipimo kwenye valvu ya gurudumu la mbele, anasoma, kisha anaongeza upepo kidogo.

"Upepo hupimwa tairi likiwa baridi," anasema bila kuinua macho. "Likishatembea linajaa joto, linakudanganya. Kama mtoto aliyekula peremende kabla ya chakula: anakwambia ameshiba."

Gari ni la wifi yake, dada wa mumewe, anayeshona sare katika kiwanda upande wa pili wa mji. Mwezi uliopita lilikuwa mbioni kuuzwa. Mafuta yalimeza karibu theluthi ya mshahara wa mshonaji huyo, na mume wake alikuwa ameshapata mnunuzi. Wakapatana: wangoje mwezi mmoja, matumizi yasiposhuka, gari liende.

"Lingeondoka, nani angempeleka mama kliniki?" anauliza mshonaji. "Magoti yake hayapandi ngazi za basi."

Siku alipoleta gari, matairi yalikuwa vipara. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye matairi mapana yenye meno makubwa.

"Nataka yale. Yatadumu mpaka nistaafu."

"Wifi, siku hizi unalima?"

"Nalima nini?"

"Basi meno yote hayo ya nini? Kigari chako ukikivalisha hayo, ni kama mtu mwembamba kuvaa buti za askari kwenda sokoni. Kufika atafika, lakini njaa atakayokuwa nayo!"

"Jamani, kaka yangu alioa mwanamke au kompresa ya kujazia upepo?"

Mafundi wa karakana jirani waliacha spana chini wakacheka.

Mama Upepo hauzi tairi kabla ya kuketi kando ya mteja na kupita naye njia anayopita kila siku. Wengine hukasirika, wakasema wamekuja kununua, si kutembezwa. Wifi yake alinuna mpaka kwenye mzunguko wa pili, kisha akaanza kusimulia habari za kiwandani.

Njia ilikuwa lami karibu yote. Usukani ulivutia kushoto. Mama Upepo akarudi na jibu: matairi ya ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, mepesi kuviringika, yenye mpira mgumu kiasi usiolika upesi, lakini unaoshika barabara mvua ikinyesha. Akasoma tarakimu za ubavuni, zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa, kuhakikisha hayakuzeeka dukani. Kisha akanyoosha magurudumu, "maana gari linalovuta upande linakula tairi na mafuta kwa pamoja."

Kesho yake simu ikalia.

"Wifi, umeniharibia gari! Nimeegesha kando ya barabara."

"Limezima?"

"Linawaka. Lakini likitembea liko kimya, halingurumi kabisa!"

"Ile ngurumo ilikuwa ya matairi yako mabovu. Rudi barabarani, mama, utachelewa kazini."

Wiki zile Mama Upepo hakutulia. Kila gari la bluu lilipopita alichungulia. "Niliogopa," anakiri. "Ushauri ni wangu. Lingeuzwa, mama mkwe angeniangalia vipi?"

Mwezi ulipokwisha, honi ilisikika kuanzia kwenye kona. Mshonaji alishuka akiimba. Tangi lililokuwa likikauka Alhamisi sasa linafika Jumamosi, na mume wake amemwambia mnunuzi atafute gari kwingine. Kwenye kiti cha nyuma, mama yake, mkwe wa Mama Upepo, alikuwa amelala fofofo.

"Zamani hakuweza, kwa ile kelele," anasema mshonaji. "Sasa anakoroma mpaka kliniki. Kelele ni ile ile, imehamia ndani tu."

Leo, kipimo kikiwa kimerudi mfukoni, Mama Upepo anapangusa mikono na kusema jambo ambalo wateja wake wengi hawalijui: hajawahi kuendesha gari. Miaka yote ameketi kiti cha abiria. Wifi yake amejitolea kumfundisha Jumapili hii, katika uwanja mtupu nyuma ya kiwanda.

"Ukigonga ukuta, utarudi kwa miguu," mshonaji anaonya.

"Nikigonga ukuta, nitasema wewe ndiye mwalimu."

Akipata leseni, anataka kubeba jeki na kompresa ndogo awafuate waliopasukiwa tairi njiani. "Mtu amekwama juani, ananisubiri nipate wa kunipeleka," anasema. "Nataka anione nafika mwenyewe, nimeshika usukani."